Kona Isiyo na Mwenyewe

Jumamosi, 8 Machi 2025

Magunia 61 ya taka kutoka kona yetu. Nimehesabu mwenyewe maana katibu wa kikundi chetu huongeza chumvi. Nepi, nepi, nepi. Hapa mtaani Tassia tunazaa, jamani. Chini ya nepi godoro, chini ya godoro mtaro. Kumbe kuna mtaro! Miaka saba navuka yale maji viatu mkononi, na mtaro umelala hapohapo chini ya uchafu wetu. Vijana walipiga mbinja utadhani wamechimbua mafuta ya Turkana.

Mwenye mkokoteni alitaka 300 kwa safari, tukaelewana 200. Risiti hana, na shirika linalotusaidia linataka risiti. Nitamwandikia karatasi aweke kidole gumba.

Bega linauma. Nalala.

Jumatano, 12 Machi

Dada wa shirika amefika. Viatu vyeupe, maskini. Anataka picha za "kabla". Nikamwambia kabla tuliizoa Jumamosi ikaenda na mkokoteni.

Bajeti nimeisoma mara mbili. Rangi za kuchora ukuta 90,000. Bembea. Kibao chenye nembo 18,000! Mtaro, sifuri. Nikauliza. Mtaro ni kazi ya kaunti, mfadhili hagusi. Haya. Mvua nayo iambiwe isiguse rangi.

Nilimjibu vibaya, najua. Si yeye aliyeandika ile bajeti. Akifunga mkoba akaniambia polepole, "Mama, hata mimi ningeanza na mtaro." Sasa nikabaki na aibu yangu, na chai aliyoiacha nusu.

Jumatatu, 17 Machi

Cheti cha kikundi bado. Sheria inataka watu wasiopungua 10. Januari tulikuwa 13. Wawili wamehamia Utawala, mmoja amerudi Kakamega, tumebaki 10 kamili. Sisi ni wapangaji, kodi ikipanda tunafunga godoro. Utajengaje mtaa na watu ambao vyombo vyao viko kwenye katoni?

Mwenyekiti sasa anaota tuwe shirika kamili, chini ya ile Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma. Ilipitishwa 2013, ikaanza kutumika Mei 2024. Miaka 11! Basi nisilalamike, barua yangu kwa chifu ina wiki tatu tu.

Jumamosi, 22 Machi

Dandora. Tumeenda tisa kujifunza, matatu ya Outering hadi Kariobangi, kisha nyingine. Shirika limelipa nauli (risiti: hakuna. Lo).

Nilidhani nitaona maajabu. Nimeona kiwanja cha nyumba zilizozungukana, miti, matairi yamepakwa rangi, geti, na kijana amekaa getini. Mustard Seed, wanaiita. Palikuwa pa kutupa taka na kuporana. Vijana wakasafisha, kila nyumba ikaanza kutoa ada ndogo kila mwezi, na ile ada ndiyo mshahara wa kijana wa getini. Halafu Dandora Transformation League wakageuza usafi kuwa shindano, kiwanja kwa kiwanja. Akili. Ni kama MYSA, chama cha michezo cha vijana kule Mathare kilichoanzishwa 1987: timu ikizoa taka inapata pointi za ligi. Mtu wa Eastlands mwambie kazi, atakuuliza bei. Mwambie shindano, anavua shati.

Nikamuuliza yule wa getini, mfadhili akiondoka? Akanitazama kama mtoto. "Mathe, mfadhili alileta rangi. Mimi nalipwa na hizi milango."

Milango. Nimeandika kiganjani nisisahau.

Ila njiani kurudi roho imeniuma. Dandora ilichorwa. Mwaka 1975, fedha za Benki ya Dunia, ploti kama 6,000, na mtu fulani mezani akaacha katikati ya nyumba nafasi tupu. Nafasi hiyo ikachafuka, ikaharibika, lakini haikuisha. Wajukuu wakaikuta, wakaifagia. Sisi hapa nani alituachia? Kutoka dirisha langu nanyoosha mkono naazima chumvi kwa jirani wa jengo la pili. Watoto wanacheza kwenye ngazi. Tuna kona moja, hatua 14 kwa 9. Nimepima kwa miguu.

Jumanne, 1 Aprili

Nilidhani ni mzaha wa siku ya wajinga.

Mzee amekuja na vijana wawili na bahasha ya kaki. Kona ni yake. Ana karatasi. Hapa Tassia nani hana karatasi? Ardhi ilikuwa ya NSSF kabla ya kukatwa ploti, na kila mtu ana barua, nakala ya barua, au shangazi aliyeiona barua. Miaka yote ile ikinuka haikuwa na mwenyewe. Mbwa walifia pale, hatukuona bahasha. Tumefagia wiki tatu, mwenyewe huyo.

Sikumwambia hivyo. Nilisema, "Shikamoo mzee, karibu." Nikamletea kiti. Akakaa, akatazama watoto kwenye matairi tuliyoyaweka, akasema atajenga gorofa saba.

Saba. Kwenye hatua 14 kwa 9.

Saa nane usiku. Sijalala. Nasikia tu ule mlio wa 2019, tarehe 6 Desemba, asubuhi, nikiwa na kikombe mkononi. Jengo la gorofa sita liliporomoka hapa mtaani. Watu 10 wakafa. Vumbi liliingia hadi kwenye unga. Wiki nzima tulilala na viatu, tukikagua kuta kwa tochi ya simu. Ule ufa wa kwetu juu ya mlango nimeupaka rangi lakini mahali ulipo napajua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua tangu jana jioni. Nimeshuka saa kumi na moja alfajiri na mwavuli na hofu.

Maji yamepita! Yamepita ndani ya mtaro, yanakimbia kama yamechelewa kazini. Mama wa chapati amesimama pale mlangoni kwake pakavu, hasemi kitu, ananiangalia tu. Mwaka jana Aprili alipoteza unga na jiko. Leo kanipa chapati mbili, akakataa pesa.

Bilioni 5 za barabara na mitaro ya Tassia zilitajwa 2013, zikazua maswali kwenye kamati za bunge. Sisi tumetumia majembe manne ya kuazima. Sijisifu. Majembe hayajengi barabara. Lakini leo nimevaa viatu hadi stejini.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Barua pepe ya shirika imekuja jana, nimeisoma leo baada ya kanisa. Bila uthibitisho wa ardhi, awamu ya pili inasimama. Hakuna bembea, hakuna rangi. Kibao kilishachongwa. Kibao!

Dada amenipigia mwenyewe, usiku, si kwa simu ya ofisi. Anaomba radhi. Nikamwambia, binti yangu, hujatukosea. Na ni kweli, ningekuwa mimi na pesa za watu, ningeweka uzio kwenye ardhi ya kesi? Nisingeweka. Nachukia kwamba nawaelewa.

Chifu anasema tulete malalamiko kwa maandishi, mzee naye alete karatasi zake halisi, siyo nakala. Mzee hajaonekana tena tangu aambiwe halisi. Sithubutu kufurahi.

Jumapili, 27 Aprili

Kikao cha dakika ishirini, tumesimama. Tumekubaliana kitu kimoja: mia moja, kila mlango, kila mwezi, ya kuzoa taka na ya kijana wa kuangalia mtaro. Mwenyekiti alitaka tungoje cheti. Tukampita.

Jengo letu milango 32. Nimegonga yote jioni hii, daftari mkononi. Wanne hawakufungua, ingawa televisheni naisikia. Mmoja wa gorofa ya tano kaniuliza hii ni ya chama gani cha siasa. Mwanafunzi wa chini ana 40, nimeandika 40. Waliotoa mia kamili ni 11. Jumla 1,140.

Gorofa ya tano narudi kesho, mwisho wa mwezi unakaribia, mishahara itakuwa imeanza kuingia.