Jasho la Mwamba

Atokaye Tabaka na kinyago cha jiwe la sabuni hudhani amelibeba jiwe la Kisii. Hakukosea, ila amebeba moja tu, tena lililo laini kuliko yote. Jiwe hilo halikuyeyuka. Lilikuwa mwamba wa volkeno, likapenywa na maji moto chini ya ardhi hadi likageuka na kukubali kisu. Sifa zake zimeimbwa vya kutosha.

Wachache husimama mbele ya matale, majabali magumu yenye chembe zimetazo, yajitokezayo pande za Wanjare. Umri wake ni takriban miaka bilioni 2.5. Matale mengi huzaliwa milima ifinyangwapo: ganda la dunia hukunjika na kunenepa, miamba ikazamishwa kilomita 30 au zaidi. Huko joto likikaribia digrii 700, na maji yakiwapo, mwamba hauyeyuki wote. Chembe zishindwazo upesi na joto hutangulia, kama shahamu inavyoitangulia nyama kikaangoni. Uji huo hujikusanya, hupanda, hupoa, ukawa matale. Masalia meusi, makavu, hubaki chini.

Hapa Kiswahili hupata kigugumizi. Mwanafunzi wa Manga au Nyamira hufundishwa habari hizi kwa Kiingereza. Akitakiwa azieleze kwa Kiswahili, aghalabu husema “kuyeyuka kwa sehemu”, tafsiri isiyoiva. Kuyeyuka, kwa msemaji wa kawaida, ni kwisha: barafu imeyeyuka, matumaini yameyeyuka. Je, mwamba usiokwisha nao umeyeyuka?

Yamkini neno limo mwilini mwa mkulima apandaye ngazi za chai: jasho. Mwamba umetokwa na jasho. Kitokacho ni kidogo, naye mwenye kutokwa angali amesimama. Mwanajiolojia atapinga kwamba jasho huchuruzika chini ilhali uji huu hupanda. Hilo ni dogo. Zito ni hili: mtu aliyetokwa na jasho ni yule yule, lakini mwamba uliobaki si ule wa awali.

Kisii huonekana jasho tu, mwili umefichika. Atakaye kuuona mwili na aende kwenye miamba ya Uluguru au Taita, katika ukanda ambao Arthur Holmes aliupa jina la Msumbiji mnamo 1951. Milima ya kale ya huko ilifinyangwa baadaye sana, yapata miaka milioni 600 iliyopita. Mistari myeupe imelala kando ya myeusi, imepindana kama ukili: jasho lililoganda kabla ya kuuacha mwili.