Rovu la Bibi

Bibi yangu wa Kasulu ana rovu kubwa kama embe. Hulifunika kwa kitenge mchana kutwa, hata jikoni penye moto. Sisi wajukuu wa mjini, tulipokwenda likizo, alituruhusu kuligusa usiku tu, kibatari kikishazimwa. Nilidhani wazee wote wa milimani huota hivyo, kama mvi.

Mtoto wake wa nne, baba yangu mdogo, alizaliwa 1971, hasikii wala hasemi. Amechunga mbuzi maisha yake yote, anacheka sana, shule hakuiona. Na nyumbani kila mtu alijua nani "aliyemfanya": jirani wa bondeni, mama mmoja aliyewahi kunyimwa mbegu za maharage. Tangu hapo watu wetu hawanywi hata maji kwenye nyumba ile.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimeandika makala za lishe sijui ngapi, zile za "wataalamu wanashauri": vitamini A kwenye mawese, madini chuma kwenye dagaa na mboga za majani, mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu. Nilikuwa nanakili tu, nikiri. Kisha mwaka juzi nilikwenda Kibondo kufuatilia habari za kambi ya Nduta, nikiwa na mimba ya miezi mitano, nikapitia kliniki. Muuguzi alikuwa anawaeleza kina mama habari za madini joto. Ukiyakosa, alisema, tezi ya shingo inavimba. Na mtoto wa tumboni anaweza kuzaliwa kiziwi, bubu, akili imedumaa.

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Sikuandika kitu.

Mjamzito anahitaji maikrogramu 250 kwa siku, yaani chembe ndogo sana. Lakini kwenye nyanda za juu kama zetu mvua imeyaosha madini hayo udongoni kwa maelfu ya miaka. Maharage yanastawi vizuri kabisa bila hayo. Muhogo nao usipolowekwa ukaiva, sumu yake huizuia tezi kupokea hata hicho kidogo kilichopo. Na sisi ugali wetu ni wa muhogo. Chumvi ya Bibi ilikuwa ya Uvinza, ya kupima kwa kopo, ile inayotokana na maji ya chemchemi tangu kabla ya Wajerumani. Kuchanganya madini joto kwenye chumvi kulishika kasi nchini miaka ya 1990. Baba mdogo alikuwa mtu mzima.

Nilimpigia baba jioni ile ile. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo yule mama wa bondeni…"

"Hakufanya kitu, baba."

"Bibi yako usimwambie. Atasema ni chungu chake."

Kesho yake nilipanda gari la Kasulu. Bibi alikuwa shambani. Nikamwaga chumvi yake ya kopo, nikaweka ya pakiti yenye madini joto, nikaifunika na kuisogeza mbali na figa, maana joto na unyevu huyapunguza. Usiku alionja maharage, akaongeza kijiko, akaonja tena.

"Chumvi ya huko kwenu haina ukali," alisema, akavuta kitenge shingoni.

Baba mdogo alikuwa anakula, anacheka. Kule bondeni moto wa yule mama ulionekana.