Marathoni ya Vumbi na Kisima

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mtu wa kurauka alfajiri na kutimua mbio kando ya barabara kabla matatu hazijaanza kelele zao, leo vaa viatu vyako tuandamane. Nakupeleka mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, huko Marekani. Si safari ya raha. Nataka ukimbie marathoni ambayo maandalizi yake yalikuwa ovyo kupindukia, ukimbie mwenyewe ndipo utakaponiamini.

Tarehe ni 30 Agosti 1904. Uko katika uwanja wa Francis Field, ndani ya Chuo Kikuu cha Washington. Michezo hii ya Olimpiki ilikuwa ifanyike Chicago, lakini St. Louis ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, ya kukumbuka jinsi Marekani ilivyonunua eneo la Louisiana kutoka kwa Ufaransa mwaka wa 1803. Michezo ikahamishiwa huko, ikawa kama kibanda kimoja tu katikati ya soko lenye vibanda vingi.

Saa ya mkononi inasema ni saa tisa na dakika tatu mchana. Naam, mchana! Sisi huku tunajua kwamba mbio ndefu ni za asubuhi, umande ukiwa bado majanini. Hawa wameanza jua likiwaka kiasi cha nyuzi 32, na hewa ya mji ule wa kando ya mto Mississippi ni nzito kama ya jikoni. Mko wakimbiaji 32. Mnazunguka uwanja mara tano, watu wanashangilia, kisha mnatoka langoni kuelekea mashambani.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Barabara ni ya udongo na vumbi lake limelala kama unga. Mkaaji wa Iten atasema vumbi analijua, lakini vumbi la Iten hutimuliwa na miguu ya wenzako. Hapa mbele yako wako wapanda farasi wa kufungua njia, na kando yako motokaa za madaktari, waamuzi na waandishi wa magazeti, zikipanda na kushuka vilima pamoja nawe. Njia yenyewe haikufungwa. Unapishana na mikokoteni ya mizigo na watu waliotoka kutembeza mbwa wao. Kila ukivuta pumzi unameza udongo. William Garcia, kijana kutoka California, aliokotwa kando ya barabara akiwa hoi. Vumbi lilikuwa limempasua tumbo ndani kwa ndani, damu ikimtoka. Inasemekana angechelewa kupelekwa hospitali kidogo tu, angekufa.

Na maji je? Unatazama kushoto na kulia kutafuta meza ya maji. Hakuna. Kuna kisima kando ya barabara karibu na maili ya 12, na hapo ushapita jua lote la vilima. Haikuwa kusahau, msomaji. Mkuu wa michezo ile, James Sullivan, alitaka kupima mwili wa mwanadamu utafanya nini ukinyimwa maji. Mimi nimejaribu kumwelewa mtu huyu nikashindwa. Hata ng'ombe anayepelekwa mnadani hunyweshwa njiani.

Kila mtu alitafuta njia yake ya kuokoka. Felix Carvajal, mtu wa kupeleka barua kutoka Cuba, alikuwa amechanga nauli ya kuja, akaipoteza kwa kamari huko New Orleans, akaomba lifti hadi St. Louis. Alifika mstarini na suruali ndefu, ikabidi mwanamichezo mwenzake amkatie magotini. Njaa ilipombana aliingia shambani akala matofaa. Tumbo likamsokota, akalala chini kidogo. Alipoinuka aliendelea na kumaliza wa nne! Nadhani mtu kama huyo angepewa chai na mkate asubuhi ile, hadithi ingekuwa nyingine.

Fred Lorz wa New York alishikwa na mkakamao wa misuli maili ya tisa, akapanda motokaa, akawapungia mkono wenzake kwa kiasi cha maili 11. Motokaa ilipoharibika alishuka akakimbia hadi uwanjani, akapokewa kama mshindi. Kidogo avikwe taji kabla ya kufichuliwa. Alidai ni mzaha.

Mshindi halali alikuwa Thomas Hicks. Wasaidizi wake walimnyima maji ya kunywa, wakamsugua mdomo kwa sponji, halafu wakampa ute wa mayai uliochanganywa na striknini, sumu inayotumiwa kuua panya, na brandi juu yake. Mwishoni alikuwa akiona vitu visivyokuwapo. Aliufikia mstari akishikiliwa mabegani, miguu ikichezacheza hewani, kwa saa 3, dakika 28 na sekunde 53. Kati ya wale 32, waliomaliza walikuwa 14.

Lakini waliofanya nikuite huku ni wawili: Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana kutoka Afrika Kusini. Hawakuja kwa ajili ya Olimpiki. Walikuwa sehemu ya onyesho la Vita vya Makaburu, watazamwe na umati uliolipa kiingilio. Wakaingia mbioni, wakawa Waafrika weusi wa kwanza kushindana katika Olimpiki. Taunyane alikuwa akienda vizuri, kisha mbwa mkali akamkimbiza karibu maili nzima nje ya njia. Hebu fikiri uko katika Olimpiki na mpinzani wako ni mbwa wa mtu! Alirudi barabarani, akamaliza wa tisa. Mashiani alikuwa wa 12.

Miaka 104 ilipita kabla ya Mkenya kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Samuel Wanjiru, jijini Beijing mwaka wa 2008. Siku ile nayo ilikuwa ya joto, lakini meza za maji zilikuwa njiani na barabara ilikuwa imefungwa. Eliud Kipchoge alipokimbia kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 huko Vienna mwaka wa 2019, waendesha baiskeli walimletea kinywaji mkononi.

Basi pumzika sasa, mpenzi msomaji, ujipanguse vumbi. Ikitokea siku moja ukafika St. Louis, Francis Field ungali pale na wanafunzi bado wanakimbia ndani yake. Simama langoni, utazame upande ule Taunyane alikotokea, peke yake, nyuma ya wanane, mbwa akiwa ameshindwa kumpata.