Usiku wa Kuamkia Moto

Mjukuu wangu anasomea muziki Mombasa. Juzi alinisikilizisha kwenye simu kinanda cha kanisani, utungo wa Bach wa kuigiza wachunga kondoo wakipuliza zumari zao. Mguu wa mpigaji umeikanyaga sauti moja nzito wala hauiachii, na juu yake zumari inatembea polepole. Kizuri, sikatai. Kisha akasema, "Babu, sisi hatuna nyimbo za shambani. Sisi ni wavuvi tu."

Nani kamfundisha? Hata Grottanelli, yule Mtaliano aliyekuja kututazama sisi Wabajuni, kitabu chake cha 1955 alikipa jina la wavuvi wa Bahari ya Hindi. Ni kweli tumevua, na kasa tumemnasa kwa taza, yule samaki anayegandia, habari ambayo wageni hawachoki kuisimulia. Lakini mtama haukutoka baharini.

Koyama, kisiwa chetu huko Somalia, udongo wake ni haba. Wazee wetu walilima bara, ng'ambo ya maji. Msitu ulifyekwa, ukaachwa ukauke, na usiku wa kuamkia kuchoma ndipo ilipoimbwa vave, wimbo wetu wa shambani, tangu jioni hadi alfajiri.

Mwanzishaji wetu alikuwa mjomba. Mchana alikuwa fundi wa kalafati: pamba imechomekwa sikioni, patasi mkononi, vidole vinanuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, harufu ambayo sabuni yoyote ya Kisimayu haikuiweza. Mkewe alimpa chai yake nje ya mlango. Usiku wa vave hakuna aliyethubutu kumkatiza. Akitaja mti, akitaja ndege, akimtaja nguruwe mla mazao, nasi tukiitikia. Hakupaza sauti hata kidogo. Mmoja wetu akiitikia ovyo, alirudi hadi mwanzo wa fungu, hana haraka, na sisi watoto tukibanwa na kicheko. Asubuhi moto ulipotiwa, moshi uliichanganya ile sifa na jasho na majani mabichi ya ukingoni, na nguo zetu zilinuka hivyo mpaka mvua.

Mwaka gani? Nilimpigia dada yangu simu. Yeye akasema 1966, mumewe akadakia kwa nyuma kwamba ni 1969. Mjomba mwenyewe alihesabu kwa Nairuzi, mwongo kwa mwongo, siku kumi kumi, na mashamba yakaota vizuri tu. Basi tuyaache.

Watu huwalaumu vijana na simu zao. Mimi simu siilaumu. Vave ilikufa kwa kukosa shamba la kuchomwa. Upande wa Kenya vita vya shifta viliwang'oa watu bara katika miaka ya 1960; upande wetu zilikuja amri, kisha bunduki. 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, mnaijua. Mjomba alikuwa ameshazikwa. Kambini Utange, Mombasa, tulikokimbilia, tulijaribu: waitikiaji tele, wa kuanzisha hakuna, tukaishia kuzungumza bei ya unga.

Siku hizi vave hupandishwa jukwaani saa nne asubuhi, kabla ya hotuba ya mgeni rasmi. Dakika tano, basi. Kijana niliyemwona alisoma kwenye karatasi, kanzu imepigwa pasi, marashi yanasikika hadi viti vya nyuma. Aliposhuka nilimuuliza shamba lake liko wapi. Akacheka, akidhani namtania.