Daku kwa wali wa jana na miso

Tangu nirudi kutoka Japani, swali la kwanza ninaloulizwa hapa chuoni si la masomo. Ni "ulikuwa unakula nini kule?" Na anayejua kwetu ni Pemba huongeza kwa sauti ya chini, "na Ramadhani je?"

Basi nijibu mara moja hapa, nipumzike. Ramadhani ya 2025 ilinikuta Kobe, kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi, mwezi wa Machi, baridi bado inauma. Kobe si mji mgeni kwa Waislamu, msikiti wa kwanza wa Japani uko huko tangu 1935. Kufuturu nilikuwa na watu. Kazi ilikuwa daku: saa 10 usiku, peke yako, jiko la bweni kimya, na umezoea kwamba daku ni wali. Madukani wali wa kukaanga upo, wanauita chahan, lakini mara nyingi una vipande vya nguruwe au umekaangwa kwa mafuta yake. Mwenzangu mmoja tuliyetoka naye nyumbani aliniambia, "We kula tu, nani anakuona huku?" Neno hilo lilinikera kuliko baridi. Ni kweli hakuna aliyeniona. Ndiyo maana nilitaka niwe na uhakika na sahani yangu.

Aliyenifundisha ni jirani yangu wa chumba, msichana wa Aichi. Kwao wanatengeneza miso ya soya tupu, nyeusi kama ukwaju. Soya hupikwa, ikaoteshwa ukungu wanaouita koji, ikatiwa chumvi na kuachwa ichachuke kwa muda mrefu. Miso za dukani nyingine huongezwa spiriti ili isiendelee kuchachuka ndani ya pakiti. Kwenye pakiti huandikwa kwa alama mbili, husomwa shusei. Ile ya kwanza ina matone matatu ya maji pembeni, ndiyo alama ya pombe. Jamani, katika alama zote za Kijapani nilizosoma mwaka ule, hiyo siisahau! Pakiti ya jirani yangu ilikuwa na soya, chumvi na maji, basi. Najua wapo wanaouliza kuhusu kule kuchachuka kwenyewe. Nilimuuliza mzee mmoja msikitini, nikaridhika na jibu lake.

Sasa jiko. Wali uwe kiporo, uliolala kwenye friji. Mchele wao unanata. Ukiukaanga wa moto unapata bonge, lakini ukilala unakauka juu na punje zinaachana. Kwetu kiporo tunakila bila kumwambia mgeni, kule ndicho kinachotakiwa. Piga yai, kata kitunguu cha majani. Koroga kijiko kimoja cha chai cha miso katika vijiko viwili vya maji. Wao hulegeza kwa sake, mimi maji yalinitosha. Kikaango kipate moto sana, mimina mafuta, tia yai, na kabla halijashika vizuri mwaga wali juu yake. Bonyeza kwa mgongo wa upawa, geuza, bonyeza, mpaka kila punje ipate yai. Miso inaingia mwisho kabisa, unaizungushia pembeni mwa kikaango, maana ikiwahi inaungua na kuwa chungu. Hapo ndipo inapotoka harufu ya ukoko. Tia kitunguu, geuza mara mbili, zima moto. Dakika 7 hivi.

Chumvi usitie. Miso nyeusi ina chumvi kama gramu 10 au zaidi katika kila gramu 100, na mfungaji atakiona kiu chake kuanzia saa 5 asubuhi. Jirani yangu alitia vijiko viwili, mimi kimoja, na tulibishana hadi Idi. Yeye hakufunga, lakini kuanzia wiki ya pili alikuwa anashuka na koti juu ya nguo za kulalia, anakula nusu ya daku yangu, kisha anarudi kulala.

Nilirudi na pakiti moja, imebaki robo. Nimewapikia wenzangu wa chumba kwa mchele wa Mbeya, nao umekubali hata kuliko ule wa kule, maana hauganda sana. Mmoja amesema inanuka kama viatu vya mvua. Mwingine ameficha bakuli lake chini ya kitanda, amalizie usiku.