Safari ya kutafuta mashini, kutoka Panzi mpaka avenue Lumumba



Juma hili tunawasimulia safari fupi, ya nusu siku tu, ndani ya mji wetu wenyewe. Tulikwenda watatu kutafuta kompyuta ya kukunja, ile ambayo hapa Bukavu tunaiita mashini, kwa ajili ya nyumba ya mwenzetu mmoja wa Panzi. Tumeona ni vizuri tuwaambie tuliyoyaona njiani, kwa sababu wengi mnatuuliza, na kwa sababu pesa iliyotumika ilitoka katika kisanduku chetu sote.

Tuanze na kilichotupeleka. Mwaka jana dada mmoja wa shirika alikopa dolari 200, akaenda peke yake, akanunua mashini mpya yenye kung'aa, nyepesi kama daftari. Miezi miwili haikwisha, ikaandika kwamba imejaa. Bateri nayo ilikuwa inakufa kabla ya kumaliza saa moja. Alirudi dukani, akaambiwa hakuna garanti. Mashini ilikufa, lakini deni halikufa: aliuza sambaza miezi tisa ili alirudishe. Hakuna aliyemcheka. Tangu benki za mji zilipofunga milango Februari 2025, kisanduku ndiyo benki yetu, na pesa ikipotea pale, imepotea kwa watoto wetu wote.

Kwa hiyo mama wa Panzi alipoomba dolari 300 ili binti yake aandike kitabu cha kumaliza masomo ya chuo, mkutano ulikubali kwa sharti moja: waende watatu. Mwenyewe, mimi, na yule dada aliyepata hasara. Yeye ndiye tuliyempa kazi ya kuuliza maswali.

Panzi, asubuhi

Tulikutana kwake mapema. Kabla ya kutoka tuliandika katika karatasi kazi za mashini hiyo. Binti ataandika kitabu chake. Mpaka sasa alikuwa analipa kila ukurasa katika ofisi za kuchapa, anapanga mstari, na flashi yake inarudi na virusi. Wadogo watasoma masomo yao. Mama ataandika hesabu za shirika. Jumapili, filamu moja. Basi. Hakuna michezo mizito, hakuna kutengeneza video za arusi. Karatasi hiyo ndiyo iliyotuokoa baadaye, kila muuzaji alipotaka kutuonyesha mashini ya bei ya juu. Na kama karatasi yenu itakuwa na WhatsApp na picha tu, mama, bakia na simu yako. Usiingie katika deni.

Usiku ule umeme haukuja kwake. Siku nyingine unakuja saa nane za usiku na kuondoka alfajiri. Mnajua wenyewe: mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa miguuni mwa mji wetu. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabeljiji, na Ruzizi II, ambalo Kongo, Rwanda na Burundi wanagawana, lilianza kazi 1989. Maji yanapita, lakini nyumba nyingi za pembeni ya mji zinalala na mshumaa. Kwa hiyo swali la kwanza la mwanamke wa Bukavu si kama mashini ina mbio. Swali ni: bila umeme, itaishi saa ngapi?

Nyawera

Tulipanda gari, tukapita Essence, tukashuka Nyawera. Kelele za soko, maparachichi, mchele, akina mama wenye mizigo mgongoni wakiomba njia. Katika duka la kwanza kijana alitukaribisha vizuri: "Mama, njooni muone, hii ni mpya kabisa." Dolari 190. Dada yetu akaishika, akaigeuza, akasoma karatasi iliyobandikwa, akatuangalia. Ilikuwa ndugu ya ile iliyomtesa: memori GB 4, na nafasi ya kuhifadhi GB 64 ya aina inayoitwa eMMC.

Tuwaeleze kwa lugha ya nyumbani. Windows 11 peke yake inadai angalau GB 64 za nafasi na memori ya GB 4. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa walichoandika wenyewe. Kununua mashini ya kiwango hicho ni sawa na kukodi chumba ambacho mwenye nyumba amekijaza makabati yake: unalipa kodi, lakini kitanda chako hakiingii. Kwa kazi za nyumbani tafuteni memori ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. SSD ni diski isiyozunguka ndani. Inawaka haraka, inakula umeme kidogo, na haiharibiki upesi kwa kutikiswa juu ya pikipiki.

Duka la pili lilikuwa na mashini zilizotumika. Walituonyesha moja nzito, imara, ya dolari 150, yenye Windows 10. Hapo pia tulisimama. Microsoft ilimaliza matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025; mashini itaendelea kuwaka, lakini kinga yake inazeeka. Na Windows 11 haikubali rasmi kila mashini ya zamani: kwa zile za Intel, inataka kizazi cha 8 na kuendelea. Kizazi kinasomwa katika jina. Ukiona i5-6300, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha 6. Ukiona i5-8350, ni cha 8. Ukiona i5-10210, ni cha 10. Hata asiyesoma Kifaransa anaweza kuiona tarakimu hiyo.

Lakini msizitupe mashini hizo zote. Kama kuna kijana nyumbani anayejua, anaweza kuweka Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure, pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua na hesabu. Mwenzetu hakuwa na kijana wa namna hiyo, na chuo kinamwomba binti yake kazi katika Word. Tukaendelea.

Avenue Lumumba

Kutoka Nyawera tulitembea kwa miguu juu ya avenue Patrice Lumumba. Katikati ya nyumba ziwa linaonekana, na zile rasi za mji zimeingia majini kama vidole vya mkono. Yule wa Panzi alisema, "Tukivuka daraja, Kamembe, labda bei ni ndogo zaidi." Tulifikiri pamoja. Mpakani kuna muda na ushuru. Halafu mashini ikiharibika, garanti yako iko ng'ambo, na daraja linaweza kufungwa siku unayolihitaji. Tukaamua: muuzaji ambaye tunaweza kumfikia kwa miguu ana thamani kuliko dolari ishirini.

Katika duka la tatu tulipata mashini iliyotumika katika maofisi ya Ulaya. Kizazi cha 8, memori GB 8, SSD GB 256. Klavye ilikuwa ya AZERTY, kama watoto wetu wanavyojifunza masomoni. Nyingi zinazotoka Dubai au Kampala zina QWERTY, na plagi ya miguu mitatu bapa isiyoingia ukutani kwetu. Bei ya kwanza: dolari 265.

Hapo dada yetu akasema maneno mawili tu: "Toa chajeri."

Kijana akashangaa. Tukakaa kwenye benchi, tukamwambia hatuondoki mpaka saa moja ipite. Bateri ilikuwa asilimia 94. Tulifungua ukurasa mweupe, tukaandika, tukabonyeza kila kitufe kimoja kimoja. Tukachomeka flashi katika kila tundu. Tukaiunganisha na simu yetu, tukajaribu kamera na sauti. Tuliangalia kioo kikiwa cheupe chote kama kina doa. Halafu tukamwomba kijana aandike amri hii katika dirisha jeusi la mashini: powercfg /batteryreport. Inatoa ukurasa wenye namba mbili: nguvu ya bateri ilipozaliwa, na nguvu iliyobaki sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, hesabuni bei ya bateri nyingine kabla ya kulipa. Yetu ilikuwa imebakiza karibu robo tatu. Saa ilipopita, ilisoma asilimia 73. Basi inaweza kuishi saa nne na kitu. Kwa kitabu cha binti, inatosha.

Tulipokuwa tunangoja, kijana alifungua mashini chini ili atuonyeshe SSD. Mama wa Panzi alizaliwa teritware ya Kalehe. Aliuliza vile vidoto vinavyong'aa ni nini. Ni bati, kijana akamjibu, ndilo linaloshikanisha vipande. Bati linatoka katika mawe ya kasiterite, yale yanayochimbwa Nyabibwe, kwao. Na katika vipande vidogo vinavyotunza umeme mara nyingi kuna tantalum, inayotoka katika koltani. Hatujui kama bati la mashini ile lilitoka kwetu. Lakini mama akacheka akasema: "Basi ni mtoto wetu amerudi kutoka ugenini, na tunalipishwa ili aingie nyumbani."

Bei ikashuka mpaka 235. Wakati wa kulipa, noti moja ya dolari 50 ilikataliwa: imechanika kidogo pembeni, upana wa ukucha. Mnajua mambo ya hapa. Tulirudi kwa wabadilisha pesa wa barabarani, tukapoteza dolari 5 juu yake. Mweka hazina, tafadhali, angalia noti vizuri kabla ya kuzifunga katika kisanduku.

Hatukuondoka bila karatasi yenye jina la duka, namba ya mashini, tarehe, na maneno "garanti miezi mitatu". Hatukuyakubali kwa mdomo. Dada yetu aliyasoma mara mbili.

Kurudi nyumbani

Zilibaki dolari 60. Tulinunua kifaa cha kulinda mashini na umeme unaopanda na kushuka, flashi ya GB 32, na begi lisiloingiza maji. Haya si mapambo. Umeme ukirudi baada ya kukatika, mara nyingi unakuja na nguvu isiyo ya kawaida. Ngojeni dakika tano au kumi ndipo mchomeke. Na kila Jumamosi binti anakili kitabu chake katika flashi, na flashi inalala mbali na mashini. Mwizi akichukua moja, asichukue miaka mitatu ya masomo.

Kwa wenye panyeli ya jua, habari ni njema. Mashini ya kukunja ikifanya kazi nyepesi inakula wati 10 mpaka 15 hivi. Kompyuta ya mezani na kioo chake inaweza kupita 100. Ndiyo sababu hatuwashauri kununua ya mezani kwa nyumba, hata kama muuzaji anasema ni rahisi.

Mwisho, mega. Kuna programu ya bure inayoitwa Kiwix. Binti aliipakua chuoni mara moja, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, na Vikidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa ajili ya watoto. Sasa wadogo wanasoma jioni bila kununua hata mega moja.

Ya kukumbuka kabla ya kutoka nyumbani

1. Andikeni kazi za mashini katika karatasi.
2. Msiende peke yenu. Mchukue anayejua kuuliza.
3. Memori GB 8, SSD GB 256, kizazi cha 8 au zaidi.
4. Toeni chajeri, mkae saa nzima.
5. Jaribuni kila kitufe na kila tundu.
6. Angalieni klavye na plagi.
7. Dai karatasi ya garanti yenye tarehe.
8. Bakizeni pesa ya kulinda umeme, flashi na begi.

Mama wa Panzi atarudisha dolari 25 kila mwezi. Malipo ya kwanza yalikwisha kuingia. Sharti letu la pili ni hili: Jumamosi moja kila mwezi mashini inakuja mkutanoni, tunaandika humo hesabu za kisanduku. Mkutano uliopita, aliyeketi mbele ya klavye alikuwa ni yule dada aliyepata hasara. Anaandika kwa kidole kimoja, polepole, lakini hesabu yake ilitoka sawa na ya daftari mpaka franka ya mwisho.

Anayetaka kununua, atuambie Jumamosi. Tutatembea naye.