Siku Nane kwa Luba

Askofu James Hannington alikuwa mwepesi wa miguu na mfupi wa subira. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Alikilipua mwenyewe utotoni huko Sussex, akichezea baruti ili kuharibu kiota cha nyigu. Mtu wa namna hiyo, akiambiwa kuna njia mpya ya kwenda Buganda, halali.

Njia ya zamani ilianzia pwani ya Bagamoyo, ikapita Unyamwezi hadi kusini mwa Ziwa Victoria, na kutoka hapo watu wakavuka kwa mashua. Hannington aliijaribu mwaka 1882. Homa na kuhara vikamrudisha Uingereza akiwa nusu mfu. Alipopewa uaskofu wa Afrika ya Mashariki mwaka 1884, aliamua kufuata nyanda za juu zenye baridi: Mombasa, nchi ya Wamasai, Kavirondo, Busoga. Kwenye ramani mpango ulikuwa safi. Tarehe 23 Julai 1885 msafara wa watu wapatao 200 uliondoka Rabai.

Pamoja naye alikuwa William Jones, ambaye kwa maoni yangu hatajwi inavyostahili. Jones alikuwa Mwafrika aliyekombolewa utumwani, akalelewa Nasik karibu na Bombay, akarudi pwani kuwahudumia mahuru wenzake. Hannington alimpa ushemasi mwaka huohuo wa 1885. Walipofika Kwa Sundu, mji unaoitwa Mumias leo, askofu alimwacha hapo na sehemu kubwa ya msafara. Yeye akatangulia tarehe 12 Oktoba na wapagazi 50.

Asichokijua ni upepo uliokuwa ukivuma Mengo, makao ya kabaka, mfalme wa Buganda. Kabaka Mwanga alikuwa ametawala mwaka mmoja tu, kijana asiyetimiza miaka 20. Mwezi Agosti manowari za Wajerumani zilikuwa zimesimama mbele ya Unguja zikimtisha Sultani Barghash, na habari za Wazungu kumeza nchi za pwani zilikwisha kufika ziwani. Juu ya hayo, Waganda walikuwa na uaguzi wa zamani kwamba watakaoiteka nchi yao watatokea mashariki, upande wa Busoga. Wageni waliopitia kusini walijulikana, na mashua zao zilihesabika. Huyu alikuwa anabisha mlango wa nyuma.

Tarehe 21 Oktoba, akiwa kwa Luba, chifu wa Busoga aliyekuwa chini ya Buganda, Hannington alipanda kilima kuutazama Mto Nile. Kundi la watu likamvamia, wakamwangusha, wakamburuta. Mwanzoni alidhani ni wanyang'anyi. Alipobaini kuwa ni amri ya chifu, alikuwa amekwisha kufungiwa ndani ya nyumba isiyo na dirisha, moto ukifuka katikati, walinzi wamemzunguka na panya wakipita.

Tunajua haya kwa sababu aliruhusiwa kubaki na Biblia na kijitabu chake cha kumbukumbu, akaandika kila siku kwa herufi ndogondogo. Nimekisoma kijitabu hicho kama kilivyochapwa mwaka 1888, na kilichonishika si ushujaa. Ni uchovu. Analalamikia chawa, makelele ya walinzi walevi, na maumivu ya viungo vilivyovutwa. Wake za Luba wanakuja kwa makundi kumtazama kama mnyama wa maonyesho. Siku nyingine hilo linamchekesha, siku nyingine anatamani waondoke. Kila mara anasubiri jibu la Mwanga, akiamini kwamba likifika mambo yatanyooka. Hata siku moja haonekani kutambua kwamba shitaka lake ni njia aliyopita, wala si Injili aliyoibeba.

Kule Mengo, wamisionari Alexander Mackay na Robert Ashe waliomba kuonana na kabaka wamtetee. Hawakupokelewa.

Tarehe 28 homa ilimpanda hadi akaweweseka. Jioni ikashuka, akaandika kwamba askari watatu wa Mwanga wamefika na hakuna anayemwambia wameleta nini. Alhamisi ya tarehe 29 aliandika mistari michache: hana habari, Zaburi ya 30 imemtia nguvu, na fisi alilia jirani usiku, kanusa harufu ya mgonjwa. Anatumaini hatakuwa chakula chake bado.

Siku hiyo walimtoa nje, wakamkutanisha na wapagazi wake, kisha wakawashukia kwa mikuki. Husimuliwa kwamba alikufa akitamka kuwa ameinunua njia ya Buganda kwa uhai wake. Huenda, ila sauti hiyo imepangika mno kuliko ile ya mtu wa chawa na fisi.

Kati ya wale 50 waliponyoka wanne. Wao ndio waliompelekea Jones habari Kwa Sundu. Jones alingoja wiki kadhaa, akitumaini kuna mwingine atakayetokea, kisha akaurudisha msafara Rabai tarehe 4 Februari 1886 chini ya bendera ya buluu ya maombolezo. Kijitabu nacho kilifika pwani kwa mzunguko mwingine: kijana Mkristo wa Buganda alikinunua kutoka kwa mmoja wa wauaji.

Wapagazi hawakuwa na vijitabu. Juma lao la mwisho, wakiwa wametengwa na bwana wao wasijue kosa lao, halikuandikwa na yeyote.

Huko Mengo, Joseph Mukasa Balikuddembe, mhudumu Mkatoliki wa ikulu, alimlaumu kabaka kwa mauaji hayo, akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Wakristo waliouawa Namugongo. Mifupa ya Hannington ilizikwa Namirembe mwisho wa mwaka 1892.

Aliyeshika kiti chake, Henry Parker, hakutaka kusikia habari za Busoga. Alikwenda kwa njia ya kusini, ile iliyojulikana. Homa ilimuua Usambiro, kusini mwa ziwa, mwezi Machi 1888, kabla hajaiona Buganda.